Kutoka Mizani ya Pamba Hadi Daftari la Benki

Tunapotimiza miaka kumi ya Muungano wetu, yafaa tukumbuke kwamba ushirika hapa nchini ulisimama juu ya hesabu kabla ya kuwa na maghala na magari. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaanzisha muungano wao. Huko Usukuma wakulima wa pamba walichoshwa na mizani za wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao wenyewe, na kutokana na juhudi hizo vikakua vyama ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Mkulima aliyejua uzito wa mzigo wake hakupunjwa tena kwa urahisi.

Mizani ina ndugu yake katika elimu ya hesabu. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alitunga kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupa neno aljebra. Alikusudia kuwasaidia watu katika mambo ya urithi, biashara na upimaji wa ardhi. Njia yake mojawapo ni kuondoa kiasi kilicho sawa katika pande mbili, kama mtu apunguzaye mawe ya mizani pasipo kuiinamisha. Aliiita al-muqabala, neno lenye asili moja na "mkabala" wetu.

Mbele ya dirisha la benki, elimu hiyo ilikaa muda mrefu bila kazi kubwa. Mwaka 1967 benki za biashara zilitaifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa kuzirithi. Pa kuchagua palikuwa pachache. Sheria ya mwaka 1991 ikawafungulia mlango wenye benki binafsi. Uchaguzi ukaja, na pamoja nao ada za kila namna.

Sisi tulijifunza kwa hasara. Mwanzoni tulifungua akaunti yenye ada ndogo ya mwezi, tukafurahi, wala hatukutazama makato ya kila malipo. Msimu wa kuwalipa wakulima ulipofika, makato yalitushtua. Ndipo mweka hazina wetu alipouandikia mkutano mfano huu ubaoni. Akaunti ya kwanza yatoza shilingi 1,000 kwa mwezi na shilingi 900 kwa kila malipo. Ya pili shilingi 6,000 kwa mwezi na shilingi 400 kwa kila malipo. Idadi ya malipo tuiite m:

1,000 + 900m = 6,000 + 400m

Ondoa 1,000 pande zote mbili, kisha 400m; yabaki 500m = 5,000, yaani m ni 10. Kwa malipo 10, kila akaunti hugharimu shilingi 10,000. Yakipungua hapo, ya kwanza ni nafuu. Yakizidi, ya pili. Chama chenye malipo 60 kwa mwezi kitakatwa shilingi 55,000 katika ya kwanza, na 30,000 tu katika ya pili.

Shilingi 25,000 hizo ni jasho la mkulima. Basi kila chama cha msingi kihesabu malipo yake ya mwezi kabla ya kutia sahihi benki, na mwanachama yeyote asione haya kuuliza. Wazee wetu waliilinda mizani. Sisi tulinde daftari, kwani mali bila daftari huisha bila habari.