Mkonge wa Shamba na Mkonge wa Nyumbani

Msafiri ashikaye njia ya kutoka Voi kwenda Mwatate huona mkonge uliopandwa safu kwa safu, majani yake yamesimama kama mikuki mbele ya milima ya Taita. Akiendelea akapanda mlimani, au akigeuka upande wa kusini mpaka chini ya Kasigau, huuona mkonge mara ya pili. Lakini huko umepandwa mmoja mmoja, katika mipaka ya mashamba madogo na nyuma ya nyumba. Mmea ni ule ule na jua ni lile lile, bali historia zake ni mbili. Historia ya mkonge wa shamba kubwa imo katika vitabu vya uchumi na hesabu za makampuni. Historia ya mkonge wa nyumbani imo katika vikapu. Yafaa tuzisome zote mbili pamoja, maana asomaye ile ya kwanza peke yake atadhani kwamba watu wa Taita waliutumikia mmea huu tu, wala hatajua jinsi wao nao walivyoutumikisha.

Ufundi wa kusuka ulitangulia mkonge. Johannes Rebmann, mmisionari aliyesafiri kutoka Rabai na kufika Kasigau mwaka 1847, alikuta watu wakaao milimani na kulima. Mlimaji hana budi kuwa na chombo: cha kuchukulia mbegu, cha kuletea mavuno, cha kuwekea nafaka. Wafumaji wa nyanda hizi kavu walipata nyuzi zao porini. Walitumia magome, hasa ya mbuyu, na mkonge mwitu, ule wenye majani manene ya madoa ambao humea wenyewe chini ya miti ya nyika. Kazi hii ilikuwa ya wanawake, nayo ilifundishwa bila darasa: mtoto alikaa karibu na mama au bibi yake, akatazama, akashika uzi, akakosea, akafumua, akaanza tena.

Mkonge tuujuao leo ni mgeni katika Afrika. Asili yake ni Meksiko, na jina ulilopewa na Wazungu limetokana na bandari ya Sisal katika Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ili ipandwe katika koloni la Wajerumani, ambalo leo ni Tanzania bara. Safari ilikuwa ndefu, na miche mingi ikafa. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga na Pangani, na baada ya muda mkonge ukavuka mpaka ukaingia Kenya.

Katika Taita mkonge ulikuta njia imekwisha kutengenezwa. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imekwisha pita Voi kufikia mwaka 1898. Ilipozuka Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914, na Waingereza wakaanza mwaka 1915 kujenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea huko ili kupeleka askari na silaha. Vita vilipokwisha, reli iliyojengwa kwa ajili ya vita ilifaa kwa biashara. Mashamba ya mkonge yalisimama Voi, Mwatate na Taveta, na shamba la Mwatate hata leo ni miongoni mwa mashamba makubwa ya mkonge katika Afrika.

Vita hivyo viliwapata watu wa Kasigau kwa namna ya uchungu zaidi. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kukishambulia kituo cha Waingereza pale mlimani, wenyeji walishukiwa kwamba waliwasaidia adui. Walihamishwa kwa nguvu wakapelekwa upande wa Malindi, nchi ya joto na maradhi wasiyoyazoea, na wengi walifia huko. Waliobaki hai hawakuruhusiwa kurudi kukaa mlimani kwao mpaka miaka ya 1930. Mtu ahamishwapo hivyo huacha nyumba, shamba na makaburi ya wazee wake. Yale ayajuayo kwa mikono yake huenda naye. Leo Kasigau ni mojawapo ya sehemu zijulikanazo sana kwa vikapu katika Taita nzima.

Sasa tuutazame mkonge wa shamba. Jani la mkonge ni karibu maji matupu: katika kilo 100 za majani mabichi hupatikana katani kavu ya kilo 4 hivi. Kwa hiyo mwenye kutaka katani nyingi huhitaji ardhi kubwa, mashine ya kukwangua majani, maji ya kuosha, na watu wengi wa kukata. Mkataji aliamka alfajiri, akakata kwa kisu majani yenye miiba nchani, akayafunga matita, akalipwa kwa kazi iliyohesabiwa. Katani ilipakiwa katika gari moshi ikaenda Mombasa, na kutoka huko ikaenda Ulaya na Marekani kusokotwa kamba za meli, magunia, na uzi wa kufungia miganda ya ngano. Mkataji hakuipanga bei, wala hakujua kwa nini ilipanda au kushuka. Japani ilipoiteka Filipino mwaka 1942, nchi za Magharibi zilikosa katani ya Manila, na mkonge wa Afrika Mashariki ukatafutwa sana. Vita vya Korea, vilivyoanza mwaka 1950, viliipandisha bei kwa muda. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki. Tanganyika, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliona soko lake likianguka, na mashamba ya Kenya nayo yalipata pigo. Jambo lililoamuliwa katika viwanda vya mbali lilipunguza mkate wa mtu aliyekuwa Voi.

Nyumbani kazi huenda kwa njia nyingine. Mwenye mkonge wake mpakani huchagua majani ya chini yaliyokomaa, akaacha machanga yaendelee kukua. Hulipasua jani vipande vyembamba, akalikwangua juu ya ubao mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Maji yake huwasha ngozi, basi kazi hiyo haifanywi kwa pupa. Nyuzi huoshwa, zikaanikwa juani, na zitakiwazo rangi huchemshwa pamoja na mizizi, magome au majani. Siku hizi hutumiwa pia rangi za unga zinunuliwazo dukani. Baadaye nyuzi husokotwa juu ya paja, mbili kwa pamoja, mpaka ziwe kamba nyembamba iliyo sawa toka mwanzo hadi mwisho.

Kikapu huanzia kitakoni. Nyuzi za mtande hukutanishwa katikati zikatawanyika pande zote kama miali ya jua, na nyuzi za mshindio huzungushwa kati yake. Kila mzunguko unapokua, mtande mpya huongezwa, la sivyo kikapu kitajikunja kabla ya wakati. Hapa ndipo kazi hii ipitanapo na mkeka wa pwani: mkeka wa ukindu husukwa ukili mrefu kwanza, kisha ukili hushonwa, na kosa laweza kukatwa. Katika kikapu, kosa la mzunguko wa tatu huonekana mpaka ukingoni. Nakshi nazo hutaka hesabu. Msukaji atakaye pembetatu sita zilingane hana budi kugawanya mitande yake kwa sita tangu mapema, naye huifanya hesabu hiyo kichwani. Wako waliosuka nakshi kamilifu maisha yao yote bila kuingia darasani hata siku moja.

Yatupasa tuulize kwa nini ufundi huu haukufa, ingawa mengi yaliusukuma. Hifadhi ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948, nyika kubwa ilifungwa kwa watu, na leo zaidi ya nusu ya eneo la kaunti imo ndani ya hifadhi. Aliyezoea kutafuta magome na mkonge mwitu huko alikuta mpaka. Lakini mkonge uliopandwa nyuma ya nyumba haukutaka ruhusa ya mtu. Bei ya katani ilipoanguka duniani, kikapu hakikuanguka pamoja nayo, kwa sababu hakikuuzwa kwa tani. Katika miaka ya 1970 na 1980, vikapu vya Kenya vilivyojulikana kwa jina la kiondo vilipendwa sana Ulaya na Marekani. Na Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, watu wa mjini walikikumbuka tena chombo ambacho bibi zao hawakukiacha.

Pamoja na hayo, haifai tuusifu mkonge wa nyumbani kana kwamba hauna dhuluma yake. Mkataji wa shambani alilipwa kidogo, lakini matita yake yalihesabiwa. Kazi ya msukaji haihesabiwi kabisa. Kikapu kikubwa chenye nakshi chaweza kuchukua majuma, lakini saa zake zimetawanyika: nusu saa baada ya kuchota maji, saa moja wakati chungu kinachemka, nyingine jioni baada ya kutoka shambani. Kwa kuwa saa hizo hazikukaa pamoja, mnunuzi huziona kama wakati wa kupumzika, na mara nyingine msukaji mwenyewe huziona hivyo. Mchuuzi hufika na bei yake mfukoni, naye mama mwenye karo ya kulipa kesho hana nafasi ya kubishana leo. Kikapu hicho kikifika duka la Nairobi au la ng'ambo, bei yake hupanda mara nyingi, na nyongeza hiyo hairudi mlimani.

Dawa iliyoonekana ni umoja. Katika Kasigau, Sagalla na kwingineko wanawake wameunda vikundi, wakapatana juu ya vipimo na ubora, wakauza pamoja kwa bei iliyokubaliwa kabla ya kazi kuanza. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala msukaji mmoja hamshindi mchuuzi. Vikundi vimefanya jambo ambalo ustadi peke yake haukuweza: vimempa msukaji uwezo wa kukataa.

Limebaki jambo moja, nalo lawahusu wanafunzi. Ufundi huu hukaa katika mikono ya watu walio hai, na hauwezi kuachwa katika sanduku kama hati ya shamba. Msichana akaaye bweni hukosa jioni za kutazama vidole vya bibi yake, na mvulana aliambiwa tangu zamani kwamba kazi hii si yake. Hakuna haja ya kuchagua baina ya kitabu na kikapu, maana mwenye kujua hesabu na kuandika barua atamsaidia msukaji kuliko mwenye kumsifu tu.

Basi, msomaji, utakaporudi nyumbani likizo, mwombe mama au bibi asukaye akuruhusu kufanya kazi ndogo. Tangu jani linapokatwa mpaka kikapu kinapofungwa ukingo, andika kila saa aliyoitumia, hata zile za katikati ya kupika. Kisha gawanya bei aliyopewa kwa saa hizo. Mwonyeshe jibu, mkalizungumze pamoja kabla mchuuzi hajabisha hodi.