Tathmini ya hatari ya moto (Uingereza)

Tathmini ya hatari ya moto ni ukaguzi wa lazima katika majengo ya makazi ya pamoja. Kwa amri ya mwaka 2005 ya England na Wales, msimamizi wa jengo hubaini vyanzo vya moto, watu walio hatarini na njia za kutorokea, kisha hurekebisha kasoro.

Kwa miaka mingi haikuwa wazi kama kuta za nje zinahusika, na utata huo haukupaswa kuvumiliwa. Tarehe 14 Juni 2017, moto ulioanzia kwenye friji katika ghorofa ya nne ulipanda jengo la Grenfell Tower, London, lenye ghorofa 24, kupitia vibao vya alumini vyenye kiini cha polietilini vilivyofunika kuta zake za nje. Walikufa watu 72. Kwa karibu saa mbili wakazi walishauriwa wabaki ndani, ushauri unaofaa pale tu jengo linapoweza kuubana moto ulikoanzia.

Sheria ya 2021 ilitaja kuta za nje waziwazi. Tangu Januari 2023, katika majengo ya England yanayozidi mita 11, milango ya kuzuia moto ya sehemu za pamoja hukaguliwa kila miezi mitatu. Mlango usiojifunga wenyewe huachia moshi ujaze ngazi.