Kapteni Salaria na Njia Iliyofungwa

Sisi wa Kitshanga twajua maana ya kuhama nyumbani na maana ya barabara iliyofungwa. Gurbachan Singh Salaria aliyajua yote mawili. Alizaliwa Punjab mwaka 1935. India ilipogawanywa mwaka 1947, jamaa yake iliacha kijiji chao, naye akiwa bado mtoto.

Mwaka 1961 alikuwa Kongo, kapteni wa Wagurkha katika jeshi la Umoja wa Mataifa. Tarehe 5 Desemba, huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, askari wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga, walifunga njia ya uwanja wa ndege. Akiwa na askari 16 tu, aliwakabili watu wapatao 90. Alipigwa risasi shingoni, akaendelea kupigana hata akaanguka. Alikufa akiwa na miaka 26. India ilimtunukia Param Vir Chakra, nishani yake kuu ya ushujaa vitani.

Upande wa pili walikufa watu wapatao 40, nao walikuwa na mama zao. Basi tusipime ushujaa kwa hesabu ya maiti. Salaria aliutoa uhai wake ili njia ifunguke kwa wengine. Nasi, je, twafungua njia au twaifunga?