Ndoano katika Sura ya Michezo: Uainishaji wa Forodha na Wavuvi wa Ziwa Mweru

Mvuvi wa Kabuta, wilayani Nchelenge nchini Zambia, anaponunua ndoano katika soko la Kashikishi, ananunua bidhaa ambayo forodha imeiweka sura moja na mipira, raketi na wanasesere. Katika Mfumo Linganifu wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, Sura ya 95 ni ya vitu vya kuchezea na vifaa vya michezo, na humo ndimo ilimo ndoano, namba 9507.20. Wavu wa kuvulia wa nyuzi za viwandani umo Sura ya 56, namba 5608.11, pamoja na kamba. Zana mbili za mtumbwi mmoja zimetenganishwa. Makala hii inadai kwamba kasoro haiko katika utenganisho huo, bali katika kupanga viwango vya ushuru kwa kutazama jina la sura.

Kanuni ya kwanza kati ya sita za kutafsiri Mfumo huo inasema majina ya sura ni ya kurahisisha marejeo tu. Kinachofunga kisheria ni maneno ya vichwa vya bidhaa vilivyo ndani ya sura, na ya maelezo ya sehemu na sura. Ndiyo maana shehena ya timu moja ya mpira hutawanyika: mpira wenyewe huenda 9506.62, njumu Sura ya 64, jezi Sura ya 61, begi 4202. Wavu wa goli huingia 9506 hata ukifumwa kwa uzi uleule wa wavu wa samaki. Mvuvi akitundika wavu wake mkuukuu kwenye goli la kijiji, namba haibadiliki, kwa kuwa bidhaa huainishwa kwa hali iliyofika nayo mpakani.

Yupo atakayehoji: kwa nini tusifuate matumizi? Chandarua cha mbu kinatoa jibu. Tangu 2017 baadhi ya vyandarua vyenye dawa vina namba yao, 6304.20. Vikigeuzwa kuwa nyavu za kuvulia dagaa, kosa hilo ni la sheria ya uvuvi, kama lilivyo kosa la kuvua katika miezi ya marufuku, Desemba hadi Februari. Afisa wa forodha hawezi kufuata kila furushi hadi ufukweni.

Ugumu huohuo unaikabili hoja ya kumsamehe ushuru mvuvi mwenye leseni. Mvuvi wa mshipi si mwagizaji. Yeye hununua ndoano chache dukani, baada ya mfanyabiashara kulipa ushuru na kuuingiza katika bei. Msamaha unaotolewa kwa mtu mpakani haumfikii. Upendeleo wa ushuru wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, nao hauisaidii ndoano iliyotengenezwa Asia, maana hutegemea asili ya bidhaa.

Njia iliyobaki ni kiwango. Tarakimu sita za kwanza ni za dunia nzima. Zinazofuata, pamoja na asilimia ya ushuru, ni za nchi. Zambia haiwezi kuihamisha ndoano kutoka 9507, lakini inaweza kuitoza kwa kiwango cha zana za kazi bila kugusa ushuru wa mipira wala raketi. Wavuvi wa starehe nao watanufaika, lakini gharama hiyo ni nyepesi kuliko ya kumtaka afisa akisie nani atavua kwa njaa na nani kwa burudani. Anayeandaa jedwali la ushuru asome kichwa kwa kichwa, asitoze sura nzima kama anasa.