Gurudumu la Pili: Habari za Trekta Ndogo na Udongo Wetu

Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu, wenzangu wameandika habari za kahawa, za fedha na za uongozi. Mimi nimepewa kuandika juu ya jambo lililoleta mabishano makali kuliko hayo yote katika mikutano ya mwaka huu, nalo ni hili: je, trekta ndogo ya Chama ifungwe magurudumu mawili mawili nyuma, au iachwe kama ilivyotoka kiwandani? Wanachama wa tambarare wataka ifungwe upesi, maana mvua za masika zikianza udongo mweusi wa mbuga humeza tairi hadi kwenye ekseli. Wanachama wa juu mlimani wasema fedha hizo zingenunua miche. Kabla ya kura kupigwa, yafaa tujue kwamba swali hili si geni duniani, wala si geni katika nchi yetu.

Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini baada ya vita vyao na Waingereza walifika pande za Meru mwanzoni mwa karne ya 20, katika utawala wa Wadachi, wakiwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Reli ilikuwa haijafika. Arusha iliipata mwaka 1929. Gurudumu la gari la namna ile lilikuwa jembamba lenye ukanda wa chuma, na wakati wa mvua dawa yake ilikuwa moja tu: kuongeza ng'ombe.

Huko Marekani, miaka hiyo hiyo, mtu aitwaye Benjamin Holt alikuwa akipambana na shida kubwa kuliko hiyo. Mashine zake za mvuke zilizama katika udongo laini wa delta karibu na Stockton, California. Akapanua magurudumu, akayapanua tena, hata mashine moja ikafikia upana wa futi 46. Fikirini kitu kama hicho kikipita katika njia ya kwenda Poli! Hatimaye, mnamo Novemba 1904, aliyaondoa magurudumu ya nyuma akaweka minyororo ya mbao, na hapo ndipo palipozaliwa trekta ya minyororo. Yaani trekta ya minyororo ni mtoto wa gurudumu pana lililoshindwa.

Minyororo hiyo ilikuja kwetu kwa kishindo katika Mpango wa Karanga wa mwaka 1947, kule Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Waingereza walitaka kulima eka zaidi ya milioni tatu. Walileta trekta kuukuu zilizobaki vitani, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa trekta. Lakini udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama matofali, mchanga wake ukala vyuma, na mafundi hawakutosha. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza iliukata mpango huo, baada ya mamilioni mengi ya pauni kupotea. Kwa maoni yangu kosa halikuwa katika nguvu za mashine. Mashine zilichaguliwa kabla ya udongo kuulizwa.

Mwaka huo huo wa 1951 Wameru wapatao elfu tatu walihamishwa kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki ili nchi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, kueleza dhuluma hiyo. Nalitaja jambo hili kwa sababu lahusu trekta pia. Mashine kubwa zahitaji mashamba mapana, na mashamba mapana ndiyo yaliyotwaliwa. Mkulima mweusi aliyebanwa mlimani, mwenye kahawa na migomba katika eneo dogo, hakuwa na mahali pa kugeuzia mashine ya namna hiyo.

Trekta iliyomfaa mtu wa eneo dogo ilitoka kwa Harry Ferguson, aliyeanza kuuza trekta yake ya TE20 mwaka 1946. Ilikuwa nyepesi, kiasi cha kilo 1,100 hivi, na plau ilishikwa na mikono mitatu ya nyuma hata uzito wake ukasaidia kukandamiza magurudumu. Jambo linalotuhusu ni kwamba nafasi kati ya magurudumu ya nyuma iliweza kubadilishwa, kutoka inchi 48 hadi inchi 76, kwa kugeuza rimu na sahani zake. Basi kabla ya kununua gurudumu la pili, fundi na aulize kwanza kama lile la kwanza limekwisha kusogezwa nje. Hapa Arusha tuna bahati ya kuwa na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo kilichoundwa mwaka 1981 na kurithi kazi ya TAMTU iliyokuwa ikijaribu mashine. Shauri la namna hii lapasa kupelekwa kwa watu kama hao.

Sasa, gurudumu la pili lafanya nini? Kwanza, lagawa uzito. Mgandamizo juu ya udongo hukaribia kulingana na upepo uliomo ndani ya tairi. Tairi zikiwa nne nyuma, upepo waweza kupunguzwa na trekta ikaelea juu ya tope. Lakini uzito wote wa trekta haupungui, bali waongezeka, na udongo wa chini sana hausalimiki. Pili, trekta yapanuka, nayo haipinduki kwa urahisi kando ya mteremko. Hapa nawaomba madereva wasidanganyike. Ekseli ya mbele imeshikwa katikati kwa pini moja, hivyo faida ya upana wa nyuma ni ndogo kuliko inavyoonekana kwa macho. Tena, magurudumu yasipoteleza, trekta iliyofungwa mzigo mzito yaweza kuinua pua na kumwangukia dereva kwa nyuma. Fremu ya usalama na mkanda ni lazima, magurudumu yawe mawili au manne.

Katika kufunga, mafundi wengi hukosea meno. Meno ya tairi yamepangwa kama herufi V, na ncha yake hutangulia kugusa ardhi. Gurudumu la nje likifungwa limegeuzwa uso, meno nayo hugeuka. Kwa hiyo la nje la kulia hutakiwa liwe lile lililotengenezwa kwa upande wa kushoto. Kutu na rangi vifutwe panapokutana vyuma, nati zikazwe kwa kuvukana, zikazwe tena baada ya saa chache za kazi, na tairi mbili zisigusane. Jiwe likigongwa na gurudumu la nje, ekseli na beringi huumia zaidi, maana mkono wa nguvu umerefuka. Na mawe ya Meru mwayajua.

Tena gurudumu la nje haliingii katika mfereji wa plau. Wakati wa kulima ni lazima litolewe. Wakati wa kusawazisha na kupanda lafaa sana. Wala halipiti katika kahawa ya zamani iliyopandwa kwa futi 9 bila kuvunja matawi.

Kwa sababu hizo Kamati imependekeza magurudumu ya kufungwa kwa kulabu, yanayoweza kutolewa shambani na watu wawili, yatumike mbugani tu. Wenye mashamba ya mbuga watalipa zaidi kidogo kwa kila eka hadi gharama irudi. Wanachama wa mlimani wamekubali kwa sharti moja: siku zao za trekta wakati wa kubeba kahawa zisipunguzwe hata moja. Sharti hilo limeandikwa katika kumbukumbu, na Mkutano Mkuu ndio utakaoamua.