Ngozi Iliyozibwa Mdomo

Ngozi hutoa ushahidi, lakini kidonge cha mafua kinaweza kuiziba mdomo. Kwangu mimi, historia ya kipimo cha mzio ni historia ya watu waliojifunza taratibu kuutilia shaka ukimya.

Alianza Charles Blackley, daktari wa Manchester, aliyeteswa na mafua kila majira ya maua. Miaka ya 1860 alijikwaruza ngozi, akapaka chavua ya nyasi, akasubiri. Pakavimba, pakawasha. Kitabu chake kilitoka 1873, wakati hata neno "aleji" halijazaliwa. Clemens von Pirquet wa Vienna alilitunga mwaka 1906.

Lakini uvimbe ule ulitoka wapi? Mwaka 1910 Henry Dale na mwenzake Laidlaw walieleza kazi ya histamini, na miaka ya 1920 Thomas Lewis akaonyesha kwamba ukiichoma kidogo kwenye ngozi, wekundu na kivimbe hutokea. Mwaka 1937, pale Taasisi ya Pasteur jijini Paris, Daniel Bovet na Anne-Marie Staub wakapata kemikali ya kuizuia. Ilikuwa na sumu mno kwa binadamu, ila njia ilishafunguka. Miaka ya 1940 wagonjwa wakaanza kupewa dawa za aina hiyo.

Hapo ndipo kipimo kilipopata mpinzani. Dawa hizi haziondoi mzio, zinazuia tu histamini isifanye kazi yake. Sindano inachomwa, dakika 15 hadi 20 zinapita, ngozi iko shwari. Asiyeuliza ataandika: hana mzio. Sasa mtu aliyeambiwa hana mzio wa karanga, kesho si atazitafuna?

Dawa iachwe muda gani, basi? Zile za zamani kama Piriton, mara nyingi siku 3 hivi. Setirizini na loratadini, kwa kawaida wiki nzima. Astemizoli ndiyo ilikuwa kiboko: iliweza kuinyamazisha ngozi kwa wiki kadhaa. Iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1999, tena kwa sababu ya madhara kwenye moyo.

Wataalamu walipata ufumbuzi ninaoupenda sana. Kando ya chavua au karanga, wanachoma pia tone la histamini yenyewe. Pakivimba, ngozi ina uhuru wa kusema. Pasipovimba, majibu ya "hakuna kitu" hayaaminiki. Yaani mtuhumiwa amegeuzwa mkaguzi wa mashahidi!

Huku kwetu Piriton inanunuliwa duka la dawa kama peremende, na dawa kibao za mafua zina kemikali ya aina hiyohiyo. Ukiulizwa "umemeza dawa gani wiki hii?", usijibu haraka kwamba hujameza kitu. Taja hata ile ya kikohozi. Wala usiache dawa kimyakimya. Mwulize daktari anayekupima ni ipi ya kuacha, na kwa siku ngapi.