Kiwanda cha Sukari cha Msolwa

Kiwanda cha Sukari cha Msolwa ni kiwanda cha kusindika miwa kilichopo karibu na Kidatu, kaskazini mwa Ifakara, katika bonde la Kilombero. Kilianza uzalishaji mwaka 1962. Kiwanda pacha cha Ruembe kilifuata mwaka 1976. Yaweza kudaiwa kwamba teknolojia ya Msolwa ilikuwa mitambo ya kigeni tu. Hoja hiyo haitoshi. Muwa uliokatwa hupoteza sukari upesi, hivyo uhandisi wa uzalishaji huanzia shambani: ukataji, usafirishaji na usagaji lazima viende kwa mwendo mmoja. Makapi ya miwa nayo huchomwa kwenye boila, yakatoa mvuke wa kuendesha mitambo na kuchemsha maji ya miwa mpaka sukari igande.